Mkate wa Moto wa Mgonjwa

Waliosema kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama, hawakuwa wakiifikiria bahari peke yake. Hata kikaango kina nahodha wake. Mshonaji mmoja aliyajua hayo siku aliyotaka kumlisha mumewe.

Mume huyo, fundi bomba aliyekuwa pande la mtu, alirudi kutoka hospitali amekonda kama uzi. Kila chakula alikikataa. Asubuhi hiyo alisema mwenyewe, bila kuulizwa, "Mama watoto, natamani mkate wa moto wenye nyama na jibini."

Mshonaji hakuamini masikio yake. Mkahawani bei ya mikate hiyo ilikuwa haishikiki, lakini nyumbani yawezekana. Alinunua nyama ya paja, ambayo ni nafuu, akanoa kisu na kuikata vipande vyembamba, akizikata nyuzi zake kwa kukingama ili isiwe ngumu. Nyama ya namna hiyo haitaki muda mrefu motoni, na jibini huwekwa mwishoni, liyeyuke juu yake. Ndiyo kwanza ameitia chumvi na kuanza kuikaanga, wakwe wakabisha hodi.

"Nyama ya mgonjwa haikaangwi hivyo, mwanangu," mama mkwe alisema, mkoba ungali begani. Akamimina kikombe kizima cha maji.

"Maji yote haya ya nini?" akadakia shemeji, ambaye ukoo mzima ulimwita Najua. Akaukoleza moto mpaka mwisho.

Wifi akatia chumvi. Mama mkwe, ambaye hakumwona, naye akatia yake.

"Jamani, niachieni!" mshonaji alisihi.

"Si tunakusaidia?" alijibu Najua, huku akilimwaga jibini lote. Likagandia chini, moshi ukatanda jikoni.

Mgonjwa alipoletewa mkate, aling'ata mara moja. Akatafuna, akatafuna, kama anayetafuna soli ya kiatu. Kisha akausogeza kando.

"Basi, mama watoto. Hamu imeniisha."

Maneno hayo yalimchoma mshonaji kama sindano. Alirudi jikoni, akamkuta Najua ameshika mwiko. Akampokonya.

"Shemeji, nenda buchani na dukani ukalete nyama nyingine na jibini. Ulete tu, usiwafundishe kazi. Wifi, kaa na kaka yako. Na wewe, mama, nakuomba ukapumzike sebuleni."

Mama mkwe alifura. "Kwa hiyo mimi sijui kupika?"

"Unajua, mama. Na mimi najua. Ila kikaango ni kimoja."

Bibi huyo akaenda zake akisonya.

Safari hii mshonaji alipika peke yake. Nyama ikaiva laini, jibini likayeyuka, mkate ukapata joto. Fundi bomba alikula nusu, akapumzika, akamalizia iliyobaki, akalamba vidole.

Mama mkwe alikuwa akichungulia mlangoni. "Lakini ungeongeza kitunguu ki..." Wifi akamkanyaga mguu. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Amekula," alisema polepole. "Mwanangu amekula."

Mshonaji alikuwa akikwangua kikaango cha kwanza, kilichoungua mikononi mwa wanne. Hakika, nahodha wengi, chombo huenda mrama.