Kwa Nini Mwanamize Hunyanyua Mikono

Hadithi imebisha hodi!
— Ipite ndani, mkeka umetandikwa!
Imekuja na uongo wake!
— Uongo uvue viatu mlangoni, utamu uingie!

Hapo zamani, zamani ya zamani, Konokono alipokuwa karani wa wadudu wote, palikuwa na buibui mmoja jina lake Mwanamize. Udogo wake, punje ya mchele. Hakujua kutega utando. Riziki yake aliipata kwa kuruka: anachungulia, anajikunja, tup, inzi kashikwa. Na kuruka kwenyewe, nawaambieni, chura akimwona alikuwa anaona haya.

Mwanamize alikuwa na mayai yake thelathini. Aliyafunga kwa uzi mweupe, akayaficha chini ya gome la mchungwa. Hakuwa na mali nyingine duniani.

Mchungwa huo huo ulikuwa na Nyigu, fundi wa vyungu vya udongo. Kila chungu hutia buibui mmoja. Humchoma mwiba asife wala asiende, kisha huziba mdomo wa chungu, ili watoto wake wakianguliwa wakute kitoweo. Alimchukua jirani wa juu. Akamchukua jirani wa chini. Akamchukua jirani wa ubavuni. Akabaki Mwanamize.

Sasa, hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na mkarafuu wa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba. Mti ule mimi nimeupanda, na nilishuka upesi kuliko nilivyopanda. Nilipoumwa sipataji. Hata Nyigu hakuusogelea, kwa sababu majimoto huuma kwa jamaa nzima, kisha hutema maji yao ya moto juu ya kidonda.

Mwanamize akajisemea, pale ndipo pa kulea. Lakini majimoto hawapokei mgeni. Basi akakaa kuwatazama siku tatu.

Siku ya kwanza akajifunza mwendo wao: kwenda, kusita, kupinda kulia, kupinda kushoto. Siku ya pili akatazama viuno vyao vyembamba. Akatoa uzi wake mwenyewe, akajifunga kibwebwe, akakaza mpaka tumbo likagawanyika mafungu mawili. Siku ya tatu akahesabu miguu. Wao sita, yeye minane. Akaketi, akafikiri sana. Kisha akaona kuwa wana pia vipapasio viwili kichwani. Sita na viwili, nane. Hesabu hiyo hata mimi niliyetoroka shule kwa ajili ya maembe naiweza. Akanyanyua mikono yake miwili ya mbele juu ya kichwa, akaitikisa. Vipapasio hivyo.

Akabeba mayai yake, akaenda.

Mlangoni alikuwapo mzee wa zamu, Machano, kipapasio chake kimoja kimekatika. Majimoto wana desturi: wakikutana hawapitani kimya, lazima wagusane na kujuliana hali. Mwanamize akaanza kupita kando, asiguswe. Lakini akaona kuingia nyumba ya watu bila salamu ni vibaya kuliko kushikwa. Akarudi, akamgusa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mzigo wako mzito. Pita, uweke ndani."

Akapita. Moyo wake ulikuwa unaruka kuliko miguu.

Nyigu akamtafuta. Alikuja mara ya kwanza, akauzunguka mkarafuu kwa mbali. Mwanamize akanyanyua mikono. Nyigu akaona majimoto, akaenda zake. Akaja mara ya pili, karibu zaidi. Mwanamize akanyanyua mikono. Nyigu akaona majimoto, akaenda zake.

Mara ya tatu akaja na hasira. Akasema buibui yumo humu, na majimoto hawajui kuruka, basi atakayeruka ndiye. Akasimama hewani mbele ya nyumba, akapiga mabawa yake mpaka upepo ukatikisa majani. Majimoto wakang'ang'ania. Mwanamize naye akang'ang'ania.

Ndipo mshono wa nyumba ukaanza kufumuka. Trr, trr. Watoto wa majimoto wakaanza kuteleza pembeni, mmoja mmoja. Wenyewe wakafanya mnyororo, huyu akimshika huyu kiuno, wakavuta jani. Halikufika. Lilibaki pengo la kidole.

Mwanamize akalitazama pengo. Akiruka, Nyigu anamwona, na mayai yanabaki yatima. Asiporuka, watoto wa waliompa mahali wanaanguka mbele ya macho yake, na macho yenyewe anayo manane.

Akaruka. Akaruka huku na uzi, akaruka kule na uzi, akaruka tena huku. Akashona pengo, likafumba.

"Nimekuona," akasema Nyigu, akashuka na mwiba wake.

Mzee Machano akawaambia wenzake jambo, kwa sauti ya chini tu. Majimoto wakamzingira Mwanamize, mia, elfu, na wote kwa pamoja wakanyanyua miguu miwili ya mbele, wakaitikisa kama yeye. Nyigu akachanganyikiwa. Huyu kanyanyua, na yule kanyanyua. Akakisia, akachota mmoja.

Alimchota Machano. Mzee akamuuma chini ya bawa, akatema maji yake ya moto. Nyigu akamwachia palepale, akaondoka anapepesuka. Mkarafuu ule hakuurudia.

Mwanamize akapiga magoti, akamwomba mzee msamaha kwa udanganyifu wake, kwamba yeye si wao.

Machano akacheka. "Mwanangu, mimi nimekatika kipapasio, sikukatika akili. Tangu siku ile mlangoni niliijua harufu yako. Ila ulirudi kunisalimia. Mwizi hasalimii."

Habari zikamfikia Konokono. Akaja na jani lake, akaandika kwa ute. Mara tatu alikuwa amepita mti huo, na mara zote alimwandika Mwanamize pamoja na wenyeji: majimoto, majimoto, majimoto. Safari hii akahesabu vizuri. Miguu, minane. Macho, manane, mawili ya mbele kama taa. Kiuno, kina kibwebwe. Akamuuliza, nikuandike mdudu gani?

Mwanamize akasema, "Niandike buibui. Halafu pembeni andika: wa nyumba ya majimoto."

Mayai yakaanguliwa, thelathini kamili, na wote wanatembea na vibwebwe mpaka leo. Basi ukimkuta mmoja wao juu ya jani, Nyigu hayupo, hatari haipo, naye kanyanyua mikono miwili, usidhani anaigiza. Zamani mama yao aliinyanyua kwa hofu. Siku hizi wanashukuru.

Nanyi mlioketi hapa shikeni hili: aliyekupa mahali pa kulala msalimie ungali na shida, na siku nyumba yake ikifumuka, usijifiche.

Hadithi yangu imeshiba, inaaga.
— Iende salama, mkeka tunakunja!