Gari la Bwana Ngoloma Lapata Afya

Bwana Ngoloma, tajiri wa mabasi, aliingia ofisini kwa Tunu, mkaguzi wa magari, akitaka cheti cha usalama. Gari lake lilikuwa limepinduka, likanyooshwa na kupakwa rangi, lakini chasisi, fremu inayobeba gari zima, ilikuwa bado imepinda.

"Binti, gonga muhuri. Au unataka nimpigie mkubwa wako, kesho ukatafute kazi kwingine?"

"Usijisumbue, mzee. Ila mafundi wangu wanadai gari hili limeharibika lisitengenezeke."

"Waongo hao. Liligusa ukingo tu, taa ikapasuka."

"Na chasisi?"

"Haikuguswa hata kidogo. Naapa mbele ya yeyote."

"Basi mimi ni nani nikukatalie?" Tunu alisema kwa unyenyekevu, akauinua muhuri. Kisha akamgeukia mgeni aliyekuwa akinywa chai pembeni kimya. "Bwana Mshindo, umesikia mwenyewe. Yale madai aliyoleta kwa kampuni yenu ya bima, kwamba gari limekwisha lote na alipwe jingine, yafuteni."

Ngoloma aliuwahi mkono wa Tunu kabla muhuri haujatua.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Hiyo chasisi umeikagua vizuri kweli?"