Masizi, Farasi Aliyekataliwa na Vitabu Viwili

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa zizini, humo mna nini?
— Mna kwato!
Kwato za nani?
— Za mwenye pua ya upinde!
Basi kaeni vizuri, mshike vifua. Hadithi hii ina mishtuko, na mimi sitamwokota atakayeanguka.

Hapo kale, katika nchi ya Wacheki, kando ya mto Labe, mahali ambapo mvua ikichoka kuwa maji huanguka ikiwa unga, palikuwa na farasi wa Mfalme. Hawakuwa wa vita, hawakuwa wa mashindano. Kazi yao ilikuwa moja: kukokota gari la Mfalme. Shingo juu, pua imepinda, magoti yakipanda kama ya mtu anayevuka matope na kanzu mpya. Nao walikuwa weupe, weupe, weupe pepepe. Farasi weusi walikuwa wa Askofu. Kila rangi ilikuwa na kitabu chake, na kila kitabu kilikuwa na karani wake.

Siku zile wanyama walisema, lakini wakubwa hawakusikia. Leo wanyama wamenyamaza, na wakubwa ni walewale.

Ukaja ugonjwa wa kifua. Ukapita zizi hadi zizi, ukafagia. Weupe wakabaki wawili tu: dume mzee aliyekokota gari la Mfalme peke yake, na jike mmoja, Rozina. Rozina alikuwa na mimba. Mimba hiyo ikiharibika, ukoo umekwisha.

Aliyemtunza ni mjane wa malishoni, Mama Bozena. Asubuhi alimchokonoa kwato. Adhuhuri alimsugua mgongo kwa konzi ya majani makavu. Jioni alimkorogea pumba kwa maji ya uvuguvugu, akionja kwanza mwenyewe, mnyama asije akaungua ulimi.

Sasa sikilizeni desturi yao. Farasi alizaliwa malishoni, akakulia malishoni, na hakuna mkubwa aliyefika malishoni, maana kuna matope. Wakubwa walimwona siku ya kufungwa garini, na siku hiyo ndiyo aliyoandikwa. Lakini safari hii mimba ilikuwa moja katika ufalme mzima, kwa hiyo Karani Mkuu, Bwana Hynek, akaja mwenyewe, amebeba kitabu kichwani kama mwali anayechezwa.

Rozina akazaa.

Loo! Mwanafarasi ni mweusi! Mweusi kama chungu cha kupikia pombe ya mbege, mweusi kama moyo wa mkaa, mweusi tii!

Kalamu ikamponyoka Bwana Hynek. Kofia ikamponyoka. Maneno yakamponyoka.

"Lahaula! Bozena, umefanya nini?"

"Mimi? Aliyezaa ni Rozina, Bwana Karani."

"Umechanganya mbegu! Farasi wa Mfalme ni mweupe. Kitabu hakidanganyi!"

"Mpe miaka, Bwana. Atageuka mweupe. Wote huzaliwa hivi."

Bwana Hynek akacheka hadi akajishika ubavu. "Mama wee! Hata kunguru wako akikua atakuwa yangeyange?"

Rozina akamlamba mwanawe, akaimba:

*Kula, mwanangu, kua, mwanangu,
rangi ni nguo, bado haijafuliwa.*

Bozena akasikia. Karani hakusikia. Akamwita mchinjaji.

Bozena akasimama mlangoni. "Bwana Karani, sheria inasemaje? Mnyama wa Mfalme hachinjwi ila afutwe kitabuni. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Huyu utamfuta ukurasa gani?"

Bwana Hynek akafungua kitabu. Akafunua, akafunua, akafunua. Jasho likamtoka, na kule ni baridi. "Hayumo!"

"Basi mwandike, kisha umfute."

"Mweusi hawezi kuandikwa kitabu cha weupe!"

"Basi subiri," akasema Bozena, akamfunga mtoto kitambaa tumboni asipate baridi. Akampa jina: Masizi.

Karani akamwandikia karani wa Askofu. Mwaka ukapita. Jibu likaja: mama mweupe hazai mweusi, kitabu chetu hakimtaki. Masizi alikuwa na rangi ya majivu puani. Rozina akaimba, *rangi ni nguo, bado haijafuliwa.*

Karani akaandika tena. Miaka miwili ikapita. Jibu likaja: barua yako ya kwanza imepotea, lete nakala. Masizi alikuwa rangi ya moshi, mwenye madoa kama mwezi. Rozina akaimba.

Karani akapeleka shauri barazani kwa Mfalme. Baraza likakaa, likala, likakaa. Mwaka wa saba likatoa dawa: kifunguliwe kitabu cha tatu, Kitabu cha Farasi Wasiokubalika. Humo akaandikwa mmoja peke yake: *Masizi, dume, mweusi, mwana wa Rozina. Achinjwe.*

Bwana Hynek akaja mbio malishoni, furaha imemjaa. Mchinjaji nyuma.

"Bozena! Mlete Masizi!"

"Huyo mbele yako."

Karani akatazama. Mbele yake amesimama farasi mweupe kama maziwa, shingo juu, pua ya upinde.

"Huyu ni mweupe!"

"Nilikwambia."

"Masizi ni mweusi, imeandikwa! Yarabi, umemwiba! Mwizi wa farasi wa Mfalme!" Na mwizi wa farasi wa Mfalme, sheria ilisema, hunyongwa.

Bozena akafungwa kamba mikono.

Mfalme akaja kuhukumu, gari lake likikokotwa na yule dume mzee, likikwama kila hatua kumi. Akashuka kwenye matope, wa kwanza katika ukoo wake.

Masizi akapiga kwato chini mara tatu. "Mama Bozena! Waambie waninyoe!"

"Mfalme," akasema Bozena, "kabla hujaninyonga, mnyoe huyu mahali padogo, kiganja tu."

Wembe ukaletwa. Shwaa! Nywele nyeupe zikaanguka. Chini yake, ngozi nyeusi tii.

"Masalale!" akasema Karani.

"Mnyoeni mama yake," akasema Mfalme. Shwaa! Nyeusi.

Mfalme akamgeukia dume mzee wa gari lake, uso umempauka. "Na huyu." Shwaa! Nyeusi kuliko wote.

Mfalme akakaa kwenye ndoo. "Yaani baba yangu alikokotwa na weusi?"

"Na babu yako pia, Mfalme," akasema Bozena. "Wote walizaliwa kama Masizi. Chini ya nywele hawajabadilika."

"Hynek! Miaka thelathini una kitabu, hukujua?"

"Mfalme wangu, kitabuni wanaanza siku ya kufungwa garini. Kabla ya hapo..." akameza mate, "kabla ya hapo hawakuwepo."

Mfalme akamfungua Bozena kamba kwa mkono wake. Mchinjaji akakohoa: "Na mimi je? Kitabu cha tatu kinasema Masizi mweusi achinjwe."

"Ukimwona Masizi mweusi," akasema Bozena, "mchinje."

Masizi akafungwa garini kando ya dume mzee, na gari halikukwama tena. Akapewa majike, akazalisha, na wanawe wakazaa, na ukoo ukasimama. Bwana Hynek akahukumiwa miaka saba malishoni, achokonoe kwato, aonje pumba, aandike kila mtoto siku ile ile anapozaliwa. Wanasema aliyajua yote barabara. Lakini kila alipozaliwa mwanafarasi mweusi, alizirai, na Bozena akammwagia maji ya ndoo.

Funzo lake: kitabu humwona mtu siku moja, mlezi humwona siku zote. Ukitaka kujua mtoto atakuwa nani, muulize anayemfuta kinyesi.

Hadithi imefika zizini, imefungwa, imepewa majani. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda alete malalamiko kwa maandishi, nakala tatu. Nitamjibu mwaka wa saba.