Feruzi Dobi na Neno Lisilopata Kusemwa

Hapo zamani, katika mji wa Kitangani, alikuwako dobi mmoja, jina lake Feruzi, hana mbele wala nyuma, ila jiwe lake la kufulia na ulimi wake. Nguo za mji mzima zilipita mikononi mwake, za watukufu na za wachukuzi, naye aliishika desturi ya madobi wa mji ule: mwenye nguo hufunga furushi lake kwa fundo analolijua mwenyewe, na dobi hulirudisha limefungwa fundo lile lile, wala hasemi alichokiona ndani. Feruzi aliona mengi, na yote akayanyamazia.

Mwenyewe alikuwa na kizibao kimoja chekundu, na wekundu wenyewe ni wa kuambiwa, kwani viraka vilikuwa vingi kuliko kizibao. Alishonewa na marehemu mkewe, Bi. Mwanahawa, mwaka ule walipooana, na tangu alipomzika hakupata kulala bila ya kukivaa. Alikipenda mno, hata akaona lugha imempunja, akaanza kujizulia maneno. Raha ya kukivaa kikiwa kimetoka juani akaiita jotomzoea. Kikiwa kibichi bado kambani, naye amekaa kifua wazi akikitazama kinavyokumbatiana na kamba, uchungu ule akauita wivukamba. Na kule kutia kiraka juu ya kiraka, mtu akijua wazi kwamba nguo imekwisha, akakuita kirakamoyo. Majirani wakayadaka maneno yale, ikawa mtu akimwona mwenziwe na kofia ya zamani za kale, humuuliza, "Vipi bwana, kirakamoyo hicho?"

Basi mwaka mmoja, ilipokaribia Siku ya Mwaka, siku ya kufagia nyumba na kutupa taka za mwaka uliokwisha, Sultani Mudriki akataka mji wake ung'are kuliko miji yote. Akamtuma waziri wake, Sharwani, atembeze mbiu.

"La mgambo likilia lina jambo!" akanadi Waziri. "Nguo kuukuu zote zilizomo mjini ziletwe uwanjani asubuhi ya Siku ya Mwaka, zitiwe moto. Kila aliye nayo mkononi na ailete, awe nani awaye. Atakayeficha, gerezani!"

Feruzi aliposikia hayo, akaenda barazani kwa Sultani, kizibao mwilini, akapiga magoti.

"Ee bwana wangu, wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nakuomba unisamehe kizibao hiki kimoja tu. Nina kirakamoyo nacho."

"Una nini?" akauliza Sultani.

"Kirakamoyo, bwana. Na wivukamba. Na jotomzoea kidogo, hasa wakati wa baridi."

Baraza zima likaangua kicheko, ila Sultani akakunja uso, kwani hakupenda watu wachekeshwe barazani pake na mtu asiyekuwa yeye.

"Ewe dobi," akasema, "hayo si maneno, ni viraka kama hivyo ulivyovaa. Umechukua neno hili ukalishonea na lile. Sasa sikiliza sharti langu. Siku ya Mwaka uniletee neno ambalo ulimi wa mwanadamu haujapata kulitamka, wala halikuungwa na maneno mengine, la kuutaja ugonjwa wako huo. Nami nilielewe mwenyewe, bila ya wewe wala mtu yeyote kunieleza maana yake. Ukiweza, kizibao ni chako. Ukishindwa, utakitia motoni kwa mkono wako."

Waziri Sharwani akatikisa ndevu kwa furaha. "Neno lisilojulikana, nalo lijulikane! Heri akaagane nacho mapema."

"Hewala, bwana wangu," akasema Feruzi, akatoka. Njiani machozi yakamtoka, kwani Bi. Mwanahawa hakumwachia mtoto wala kitu kingine cha kushika, ila kizibao kile. Akafika kwake, akaketi juu ya mafurushi ya watu, akafikiri siku mbili bila ya kula. Siku ya tatu akalitazama furushi alilolikalia, akacheka peke yake.

Hata ilipofika asubuhi ya Siku ya Mwaka, moto ukakokwa uwanjani, Sultani akaketi kitini pake, na watu wakajaa tele, kila mmoja na kitambara chake cha kuonyesha, na nguo kuukuu aliyoipenda ameificha kwa dobi. Feruzi akaja akiswaga punda aliyelemewa na mafurushi.

"Neno liko wapi?" akauliza Sultani.

"Neno ni ufwefwe, bwana wangu."

"Ufwefwe!" Sultani akajaribu kulitafuna. "Ndiyo nini?"

"Umenikataza nisieleze."

"Basi mimi sikuelewa hata chembe. Umeshindwa. Vua kizibao, ukitie motoni."

Feruzi akavua. "Hewala, bwana. Lakini amri ilisema kila aliye na nguo kuukuu mkononi na ailete. Nami mkononi mwangu ninazo hizi zote. Niruhusu nizitangulize, changu kifuate."

"Ni za nani hizo?" akafoka Waziri.

"Dobi hana macho, Waziri. Ninalojua ni kwamba mpya haziji kwangu."

Akashusha furushi la kwanza, dogo, la leso nyekundu, lenye fundo la kukunjwa mara tatu, akalipeleka taratibu kwenye moto.

"Wee! Usithubutu!" Sauti hiyo ilikuwa ya Sultani mwenyewe. Aliruka kutoka kitini, kilemba huku, kiatu kule, akapita mbio katikati ya watu wake, akalipokonya furushi na kulikumbatia kifuani. Fundo likafunguka, ukaanguka msuli mkuukuu, umetoboka hata jua likapita. Waziri Sharwani hakungoja zamu yake, tayari alikuwa chini ya tumbo la punda akitafuta furushi lake, na watu wote nyuma yake.

Sultani akauokota msuli, akaupangusa vumbi. "Niliuvaa siku niliyofukuzwa na ndugu zangu," akasema polepole, "wakati ambapo hakuna aliyeniita bwana. Siwezi kulala bila ya huu. Nimejaribu." Akamtazama dobi, aibu imemjaa usoni. "Feruzi. Ufwefwe."

"Naam, bwana wangu. Wala sikukueleza."

Sultani akacheka mpaka akaketi mavumbini, na uwanja mzima ukacheka naye. Akakichukua kizibao, akamrudishia Feruzi kwa mikono yake miwili, akaitangua amri, akamvika joho jipya la hariri. Feruzi akashukuru, akalivua joho, akavaa kwanza kizibao, kisha joho juu yake.

Ijumaa iliyofuata Sultani alikwenda msikitini katika fahari yake yote, na chini ya pindo la joho la dhahabu ulichungulia msuli wenye matundu. Waziri akainama autie ndani, Sultani akampiga kofi mkononi. "Uache," akasema, "nao umekuja kuswali."

Na mimi niliyewahadithia nimekomea hapo. Mwenye jipya na alivae, mwenye kuukuu asichekwe.