Hoho ni Hoho

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko yao na miko yao na ugomvi wao wa sokoni, palikuwa na kisiwa katikati ya mto mpana. Kisiwani hapo alikaa Bi Kindi. Mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mapishi yake yalijulikana kisiwa kizima.

Alikuwa na watoto wawili, Tunu na Kombo, na nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tope alibeba kwa mikono yake. Ishikeni vizuri habari ya nyumba, maana ndiyo itakayotutoa jasho leo.

Siku moja, chubwiii! Maji ya mto yakapasuka, akaibuka Kiboko. Anatoka zake bara, ng'ambo ya pili.

"Hodi hapa! Mimi mgeni. Naomba kupumzika siku tatu tu."

"Karibu, bwana. Karibu ndani," akasema Bi Kindi.

Siku tatu? Thubutu! Zikawa saba, zikawa kumi na nne, ukaandama mwezi mwingine. Kiboko kajilaza ukumbini, tumbo huku, makalio kule, wenye nyumba hawana hata pa kuweka mguu. Bi Kindi na wanawe wakaishia kulala nje, chini ya mkorosho.

Na kula? Msiniulize! Lakini hilo la kula Bi Kindi alilivumilia. Kilichomkera hasa ni kusahihishwa.

"Bwana Kiboko, nikukaangie mbatata?"

"Mbatata ndiyo nini? Sema viazi!"

"Haya. Na tungule nitie?"

"Tungule! Ha! Nyanya, mama, nyanya! Watu wa hapa hata kusema hamjui?"

"Basi tafuna njugu hizi kwanza, chakula kikiiva nitakuita."

"Karanga! Ka-ra-nga!"

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi, mchana na jioni. Wewe unapika, mtu amelala kwako, anakula chako, halafu anakufundisha kinavyoitwa. Mngevumilia nyie? Mimi nisingevumilia hata siku mbili.

Basi siku moja Kombo akaja na kibakuli chake. "Mama, nipe njugu."

Kiboko akakinyaka kibakuli, nyaku! "Hapati kitu mpaka aseme karanga!"

Mtoto akalia, akapenga kamasi, akasema, "Karanga." Akapewa tatu. Tatu, jamani! Zilizobaki Kiboko akazimimina kinywani mwake, akaufunga mdomo, basi.

Bi Kindi mkia ukamsimama wima kwa hasira. Akatoka nje asije akasema neno baya mbele ya mtoto. Huko nje akamkuta Tunu anaangalia juu. Wingu jeusi lilikuwa linapanda kutoka kusini.

"Mama, mvua ikija tutalala wapi?"

Roho ilimuuma Bi Kindi kweli. Akageuka, akarudi ndani moja kwa moja mpaka kwenye pua ya Kiboko.

"Bwana, masika hayo yanaingia. Nyumba ni yangu na wanangu wanalala nje. Nakuomba uhame."

"Nihame? Nani wa kunihamisha? Wewe?" Kiboko akacheka mpaka makuti yakatikisika. "Nenda zako jikoni. Tena mchuzi wako wa jana haukuwa na hoho. Kwetu mchuzi bila hoho hauliwi! Kwetu mimi nakula sinia zima la hoho, peke yangu, na bado naulizia chakula."

Masikio ya Bi Kindi yakasimama. "Hoho, bwana?"

"Hoho!"

"Hizo hoho zenyewe zikoje?"

"Unaona? Hata hoho huzijui! Hoho ni nene, tamu, unazitafuna mbichi kama tango!"

Haya, sogeeni karibu, na wewe uliye nyuma acha kumfinya mwenzio. Huko bara kwao Kiboko, hoho ni ile pilipili kubwa ya kutia kwenye kachumbari, haimuwashi hata mtoto mchanga. Pale kisiwani ile waliiita pilipili boga. Hoho ya kisiwani ilikuwa nyingine kabisa. Kapilipili kembamba, kekundu, ukikashika ukasahau ukafikicha jicho, utawaita babu zako wote kwa majina!

Ehe, mmeshaanza kucheka. Kiboko hakujua hilo, na Bi Kindi sasa alijua kwamba Kiboko hajui.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, alisema kweli tupu.

"Bwana, hoho za huku kwetu zinawasha."

"Muongo! Hoho haziwashi. Unazo, unanificha!"

"Zinawasha, haki ya Mungu."

"Hoho ni hoho!" Kiboko akapiga sakafu kwa mguu, tii! "Za huku, za kule, za popote. Hoho ni hoho!"

"Na sinia zima utalimaliza?"

"Nitalimaliza!"

"Basi hayo kayaseme sokoni, bwana, watu wakusikie. Mimi nikisema hawataniamini."

Kiboko na sifa! Akainuka, mara ya kwanza tangu afike, akaenda mpaka sokoni, kila anapopita vumbi linatimka. Wanyama wote wakakusanyika. Bi Kanga, muuza mboga, jirani na shoga wa Bi Kindi, akapanda juu ya kapu lake apate kuona.

"Sikilizeni!" Kiboko akanguruma. "Leo nitakula sinia zima la hoho. Nikishindwa, nahama leo leo, na kisiwa hiki sikikanyagi tena. Nikimaliza, nyumba ya Kindi ni yangu moja kwa moja. Na ninyi nyote mtaita vyakula ninavyoviita mimi. Atakayesema tungule, hali!"

Soko zima likaguna, mmmh!

"Amesema mwenyewe, na mmesikia," akasema Bi Kindi. "Mimi nimekubali."

Bi Kanga akamvuta pembeni kwa bawa. "Shoga, umechanganyikiwa? Lile domo umeliangalia? Lile linameza sinia na mkeka wake! Umetuuza, shoga, umetuuza wote!"

"Nichumie hoho, shoga. Domo niachie mimi."

Alisema hivyo kwa ushujaa, lakini moyo wake ulikuwa unapiga du! du! du! Maana Bi Kanga hakukosea. Domo lilikuwa domo kweli.

Wakachuma. Tunu na Kombo wakachuma, Bi Kanga akachuma. Chyaa! Chyaa! Kila mtu chafya. Bi Kindi akajifunga kitambaa puani, akazikatakata, akakuna nazi mbili kubwa, akaliacha tui zito lichemkie juu yake. Harufu nzuri ya nazi ikafunika kila kitu.

Sinia likaletwa sokoni, limejaa pomoni. Kiboko akalichungulia.

"Mbona nyekundu?"

"Zimeiva, bwana."

"Mbona ndogo?"

"Kwa mdomo kama wako, bwana, kipi kisichokuwa kidogo?"

Kiboko akachanua, akadhani amesifiwa.

"Zinawasha, bwana," Bi Kindi akasema tena, taratibu. "Nimekwambia mara ya tatu hii."

"Hoho ni hoho!"

Bi Kanga akatangaza kutoka juu ya kapu: "Kumaliza ni kumeza! Kikidondoka hata kipande, hukumaliza!"

Kiboko akafumbua domo, pwaaa! Akainua sinia, akamimina lote. Lote, wanangu! Halafu akalifunga domo, kap!

Soko zima likanyoosha shingo. Hata nzi walitulia.

Kwanza masikio ya Kiboko yakaanza kuzunguka, moja huku, moja kule. Halafu macho yakatoka. Halafu machozi, chururu, chururu. Ngozi yake ya kijivu ikageuka rangi ya tungule. Haya, rangi ya nyanya, kwa wale wa bara mliokaa hapa.

"Mmmmmmh!" akaguna kwa ndani.

Lakini hakufumbua mdomo. Mkaidi yule! Aliubana, akatetemeka mwili mzima, na shingo yake ikaanza kwenda juu na chini. Alikuwa anajiandaa kumeza.

"Anameza!" Bi Kanga akapiga kelele. "Shoga, anameza! Tumekwisha!"

Bi Kindi akaitazama ile shingo. Akimeza tu, nyumba imekwenda. Wingu likatoa ngurumo, gruuu, na Kombo akamshika mamake mkono. Afanye nini sasa? Nguvu ya kulifumbua domo lile hakuna mnyama aliyekuwa nayo.

Hakuna, isipokuwa mmoja, naye ni Kiboko mwenyewe.

Bi Kindi akaruka, ruk! akatua juu ya kapu pembeni ya Bi Kanga, akasema kwa sauti ya juu, tamu, ya kuwaambia watu wote:

"Jamani, mwacheni bwana ale *pilipili boga* zake kwa nafasi!"

Kiboko macho yakamgeuka.

"Mmh-mmh!" akatikisa kichwa.

"Si pilipili boga hizo?" Bi Kindi akamgeukia Bi Kanga. "Mimi naona ni pilipili boga. Weye waonaje, shoga?"

Bi Kanga hakuelewa kitu, lakini alimjua shoga yake. "Boga tupu!" akadakia. "Boga kabisa!"

"MMH! MMH!" Kiboko akapiga mguu chini, tii! tii!

"Watoto, semeni tusikie, bwana anakula nini?"

"Pi-li-pi-li bo-ga!" wakaimba Tunu na Kombo, na soko zima likaitikia, "Bo-ga!"

Jamani, kuungua Kiboko aliweza kuvumilia. Kusikia hoho zinaitwa jina jingine, na soko zima linalisema, na yeye asisahihishe? Hilo hakuliweza. Akajivuta, akavimba, akalifumbua lile domo kuwasahihisha.

"HO—!"

Upepo ukaingia. Loo! Moto uliokuwa umefungiwa ndani ukapata hewa!

"HO! HO! HOO! HOOO! HOOOOO!"

Hoho zikaruka nje, puuu! Zikatapakaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda! Kiboko akazunguka mara tatu, akaangusha vibanda viwili, akakimbilia mtoni akipiga ukelele, "Ho! Ho! Ho!" Chubwiii! Maji yakaruka, mto ukafoka povu, na yeye akazama na domo lake wazi.

"Katema hoho zote!" akapiga kelele Bi Kanga, na kapu likapinduka naye.

Soko likalipuka kwa vifijo. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Kindi hakucheka. Aliwabeba wanawe, mmoja huku, mmoja huku, akakimbia nao mpaka nyumbani, na alipofunga mlango tu, mvua ikashuka, shaaa! Wakakaa ukumbini watatu, pakavu, na nafasi imebaki tele. Hapo ndipo Bi Kindi alipocheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akamimina njugu kibakuli kizima.

"Kula, mwanangu. Zinaitwaje hizi?"

Kombo akafikiri. "Kwetu njugu," akasema, "kwao karanga. Zote tamu."

"Haswaa!" akasema Bi Kindi.

Na Kiboko? Alitimiza kiapo, hakukanyaga tena kisiwani. Mpaka leo anashinda majini, mchana kutwa, akitoa kichwa juu na kulifumbua domo lote lipate upepo. Mkipita kando ya mto mtamsikia mwenyewe, "Ho! Ho! Ho! Ho!" Watu husema anacheka. Anacheka wapi! Bado anamalizia kusahihisha.

Basi wanangu, ukifika kwa watu, uliza kwanza chakula chao kinaitwaje, usiwafundishe.