Mkate Uliozunguka Uwanja wa Kanisa

Mkate wa mnada hauna mlaji. Mmeyasikia maneno hayo leo, vijana, pale mama wa kwaya alipomtupia katibu wenu na wakubwa wote wakacheka, nanyi mkabaki mkitazamana. Kisha mkauliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalitoka huku huku milimani Upareni, katika usharika wa Mbareni, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Naelijwa. Watu walimwita Mama Tumsifu, kwa jina la binti yake aliyeolewa tambarare. Alikuwa mjane. Mumewe alipokuwa hai walijenga pamoja tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na kwa tanuri hilo Naelijwa alioka mikate ya ngano akaiuza kwenye kibanda cha chai, shuleni, na kwa wapita njia. Kisha barabara ikatengenezwa. Gari la mikate likaanza kupanda kutoka mjini kila asubuhi, likileta mikate iliyokatwa vipande na kufungwa kwenye nailoni. Wateja wa Naelijwa hawakugombana naye. Walipungua tu, kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi, leo kidogo na kesho kidogo zaidi, na kila walipokutana naye njiani walimsalimu vizuri sana.

Mdogo wa marehemu, Kirimia, alikuwa akijenga banda la nguruwe na matofali yakampungukia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja mchana, akanywa maji, akalizunguka tanuri mara moja, akamwambia shemeji yake kwamba tanuri lisilowaka ni matofali tu. Wakazungumza kwa utaratibu, wakakubaliana kwamba mwezi ukiisha na tanuri bado linalala baridi, atakuja na toroli.

Tangu siku hiyo Naelijwa hakutulia. Aliketi kula, akainuka kabla ya kumaliza, akaenda kulitazama tanuri, kana kwamba lingeweza kuondoka lenyewe. Alifagia alipokwisha kufagia. Alikaa mlangoni akisikiliza gari la mikate likipanda kona, na hata lilipokwisha kupita aliendelea kusikiliza.

Ikawa Jumapili moja Mchungaji akahubiri juu ya jambo hilo hilo. Alisema kijiji kinakufa kwa utaratibu: fundi viatu amefunga, mshonaji anashona viraka tu, wafinyanzi wamebaki na vyungu vyao, na watu wote wanasubiri gari. Alisema si haki kumwombea jirani riziki halafu ukampita mlangoni kwenda kununua kwa mtu usiyemjua. Watu waliitikia amina, na wengine walifuta macho. Juma hilo baraza la wazee likakaa, likaamua kwamba kila Jumapili usharika utamwinua mfanyabiashara mmoja mdogo, na wa kwanza awe Mama Tumsifu.

Aliyetumwa kumpelekea habari ni Mzee Eliapenda, ambaye ndiye aliyekuwa akinadi vitu baada ya ibada. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na roho nyepesi, anayeweza kuuza boga lililooza upande mmoja na mnunuzi akaondoka anacheka. Akamwambia Naelijwa aoke kadiri ya unga alionao, kwa kuwa mikate yote itakwenda. Naelijwa akauliza kama anaweza kukaa getini na kikapu chake. Mzee akasema hapana, ndani ya uwanja wa kanisa hakuna kinachouzwa ila kwa mnada, ni sheria ya tangu wazee wa kwanza. Lakini asihofu. Mkate wa kwanza utakuwa limbuko, fedha yake itakwenda madhabahuni kama ilivyo desturi, na mingine yote atamnadia mmoja mmoja na fedha itakuwa ya kwake.

Naelijwa akaoka unga wote uliokuwamo ndani ya nyumba. Hakubakiza hata wa kunyunyizia ubao.

Sasa ninyi mnaujua mnada wa kanisa, lakini huenda hamjautazama vizuri. Mtu ameleta kuku, mwingine mayai, mwingine mkungu wa ndizi. Kitu kinanadiwa, aliyetaja bei ya juu anakichukua. Lakini mnunuzi mwenye moyo hakipeleki nyumbani. Anakiinua juu, anasema, "Namrudishia Bwana," na kitu kinarudi mikononi mwa mnadi kuuzwa upya. Akina mama wanapiga vigelegele. Ni desturi nzuri. Kuku mmoja ameezeka paa la kanisa zima kwa namna hiyo.

Siku hiyo, baada ya ibada, watu walijaa uwanjani kuliko siku zote. Kikapu cha Naelijwa kiliwekwa ngazini, kimefunikwa kitambaa cheupe. Mzee Eliapenda akachukua mkate wa juu, akaunusa, akafumba macho, akasema harufu yake peke yake ni kifungua kinywa. Watu wakacheka. Wa kwanza kuununua alikuwa Bwana Mgonja, mwenye mashine ya kusaga. Akauinua.

"Namrudishia Bwana," akasema, na vigelegele vikapanda.

Naelijwa alifurahi. Akasema moyoni kwamba limbuko limepata baraka, sasa utafuata wa pili. Lakini wa pili haukufuata, kwa kuwa wa kwanza ulikuwa umerudi. Akaununua mwalimu mkuu, akaurudisha. Wakaununua umoja wa akina mama kwa kuchangishana, wakaurudisha kwa wimbo. Kwaya nayo haikutaka kushindwa na akina mama. Na kila aliyeununua alipopita mbele ya Naelijwa alimshika mkono kwa huruma ya kweli, akamwambia, "Tumekuunga mkono, Mama Tumsifu," naye akajibu, "Asante, Mungu akubariki," huku jicho lake likiwa kwenye kikapu.

Jua likapanda. Naelijwa alihamia upande wa ngazi, akarudi ukutani, akaenda tena ngazini. Akainua kitambaa, akakifunika tena. Aliona watu wakianza kuondoka, na waliotangulia kuondoka walikuwa ndio wale wa mkate mmoja, wenye watoto nyumbani na hela ndogo mkononi, ambao wasingeweza kushindana na kwaya. Walimpungia kwa mbali. Alitaka kuwafuata mpaka njiani, lakini aliona aibu kuuacha mkutano uliokusanyika kwa ajili yake. Alitaka pia kumnong'oneza Mzee Eliapenda, akasogea hatua chache, akasita. Angesemaje? Kwamba watu wanamtolea Mungu kupita kiasi?

Amlaumu nani? Hakuona wa kumlaumu. Kila mmoja alikuwa akitenda jambo jema, na jema hilo lilikuwa likimmaliza.

Mwishowe Mchungaji mwenyewe akataja bei, akaupata mkate, akaurudisha, na uwanja ukatikisika. Mkate wenyewe kwa sasa ulikuwa umechoka. Umepita mikono mingi, ganda limebonyea, upande mmoja una alama ya kidole gumba. Mzee Eliapenda akauinua tena, akaita bei ya kuanzia.

Naelijwa akafungua pindo la khanga. Akataja bei. Hakuna aliyetaka kushindana na mjane, na wengine walikwisha kuona uzuri wa tendo lile: naye anamtolea Bwana. Mzee akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akampa mkate, kisha akabaki amenyoosha mikono kuupokea.

"Haya, mama, urudishe tuendelee."

"Siurudishi, mzee."

Mzee Eliapenda alidhani hakusikia vizuri. "Huurudishi?"

"Nimeununua. Nataka uliwe."

Kicheko kikapita uwanjani. Bwana Mgonja, ambaye alipenda utani kuliko alivyopenda mashine yake, akasema kwa sauti, "Jamani, mpishi kajinunulia chakula chake. Biashara hiyo ikikua atatukopesha na sisi."

Naelijwa akamgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi wa mwezi mzima uliokuwa ukitafuta mahali pa kutokea.

"Bwana Mgonja, umeununua mkate huu leo mara mbili."

"Mara tatu, mama. Kwa ajili yako."

"Una ladha gani?"

Bwana Mgonja akafungua kinywa, akakifunga. "Mkate mzuri," akasema.

"Mzuri vipi?"

Naelijwa akauvunja mkate pale pale mbele ya kanisa, jambo ambalo halikuwahi kutendeka kwa kitu cha mnadani, akampa kipande. Kingine akampa mwalimu mkuu, kingine mama wa umoja wa akina mama. Watu wakamtazama mwenye mashine akitafuna. Akatafuna polepole, maana sasa alikuwa anatazamwa. Akameza. Mkewe alimkanyaga mguu, akijua anachotaka kusema, lakini alikuwa amechelewa.

"Haujakolea chumvi," Bwana Mgonja akasema.

Mtu mmoja akaguna. Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, kisha akakiri kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, na kwamba hata zamani, alipokuwa akinunua, ilikuwa hivyo. Naelijwa akabaki na kipande chake mkononi. Akakiweka kinywani, akakitafuna. Kwake kilikuwa na ladha ileile ya siku zote. Ndipo akaelewa. Marehemu mumewe aliugua presha miaka mingi, naye akawa anampikia kwa chumvi ya kugusa tu, mpaka ulimi wake mwenyewe ukazoea. Watu walikuwa wameacha mkate wake kwa sababu ya kijiko cha chumvi, na kwa kumpenda hawakumwambia.

Akacheka. Alicheka mpaka akaketi ngazini kando ya kikapu.

"Baba," akamwambia Bwana Mgonja, "tangu asubuhi watu wamenipa pole na wamenipa baraka. Wewe ndiye mteja wa kwanza."

Mzee Eliapenda alikuwa bado amesimama na mikono mitupu. Alitazama makombo kwenye mikono ya watu, akatazama kitambaa cheupe. Kisha akasema, si kwa sauti yake ya mnada, bali kama mtu anayezungumza peke yake:

"Kumbe mkate wa mnada hauna mlaji. Tumeuuza tangu asubuhi, na kikapu kimejaa."

Mchungaji akasikia, na hakulikwepa neno hilo. Alikinyanyua kikapu yeye mwenyewe, akakitoa nje ya geti, akakiweka kando ya njia ambako hakuna sheria ya mnada, akamwita Naelijwa akae. Wengine walimfuata wakanunua, wakala palepale, na wengi walilalamika juu ya chumvi. Wengine walikwisha kwenda zao. Mikate mingine ilibaki, haikwenda yote kama ilivyoahidiwa, lakini iliyokwenda ilitosha kurudisha unga nyumbani.

Asubuhi iliyofuata tanuri liliwaka. Naelijwa alikuwa bado hajatulia, akilifungua na kulifunga, akionja na kutema, akiuliza ulimi usioweza kumjibu. Kabla ya gari kufika kona, akasikia hodi. Alikuwa Bwana Mgonja, amevaa nguo zake za kazi zilizojaa unga wa mahindi.

"Sikutumwa na kanisa," akasema. "Nimekuja kuangalia chumvi."

Akaonja, akasema bado kidogo. Kesho yake akarudi, akasema sasa imezidi. Siku ya tatu hakusema kitu, akanunua miwili akaondoka anatafuna, na nyuma yake alikuja mtu wa kibanda cha chai, naye akiwa na neno lake juu ya ukubwa.

Mwezi ulipoisha Kirimia alifika na toroli, kama walivyokubaliana. Akaweka kiganja chake kwenye tofali la juu, akakiondoa upesi. Shemeji yake akampa mkate. Akaketi kwenye toroli tupu, akaula wote, kisha akasema ganda ni gumu.

Kwa hiyo leo, vijana, katibu wenu aliposimama akasema usharika mzima umewapigia makofi mafundi wa kijiji, na mama wa kwaya akamuuliza ni nani kati ya waliopiga makofi anayevaa kiatu cha fundi wetu, na katibu akatazama miguu yake, hakutukanwa. Alikumbushwa tu kwamba jirani hainuliwi kwa kupitishwa mikononi mwa watu. Anainuliwa na yule anayerudi kesho kumwambia chumvi imezidi. Mkate wa mnada hauna mlaji.