Chombo Kilichofunikwa Turubai

Ndugu zangu, neno la leo nitalieleza kwa mfano. Ni mfano wa kutunga, kwa hiyo msije mkaenda kumtafuta huyu mama baada ya ibada.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, aliyeishi kwenye rasi ya ziwa. Soko na zahanati vilikuwa ng'ambo ya ghuba. Kwa chombo cha tanga, kuvuka ni saa moja na kidogo. Kwa miguu, kuizunguka ghuba ni kutwa nzima. Marehemu mumewe alikuwa na chombo cha namna hiyo, cha mbao za mvule, mlingoti mmoja, umri wake unakaribia miaka arobaini. Alikirithi kwa baba yake, akakitumia kuvusha watu miaka yote ya ndoa yao. Alipokuwa kitandani, katika ugonjwa uliomchukua, alimshika mkewe mkono akamwambia neno moja tu: "Usikiache chombo kife."

Hakueleza zaidi. Wanaoondoka huwa hawapati nafasi ya kueleza.

Msiba ulipoisha, mama akaomba wanaume wanane wakivute chombo mpaka uani kwake. Akakijengea banda la mabati, akakifunika turubai. Tanga akalikunja, akaliweka juu ya kabati. Kila mwaka, juma lile alilofariki mumewe, alifunua turubai na kukipaka chombo rangi upya. Na kwa kuwa aliona nyufa kwenye maungio ya mbao, alifanya kile alichokuwa akimwona mumewe anafanya: alichovya pamba kwenye mafuta, akashika patasi na nyundo, akaipigilia katika kila ufa mpaka ukajaa, kisha akapaka lami juu yake. Mwaka uliofuata nyufa zilikuwa pana zaidi. Akaongeza pamba.

Watu wa rasi walikuja kukiomba. Rafiki mmoja wa marehemu alisimama mlangoni mwa banda akatikisa kichwa.

"Shemeji, mwenzetu huyu anavaa turubai jipya, na mimi nyumba yangu inavuja."

"Hamia hapa basi, ulale chini yake."

"Nitahamia. Lakini tutavuka lini? Jana binti wa jirani amezungushwa ghuba nzima juu ya baiskeli, na tumbo la miezi minane."

Mama aliinamisha uso. "Inaniuma, shemeji. Lakini hiki ni chombo cha marehemu. Nikikitoa kikavunjika, nitamwambia nini?"

Niwaulize: kuna aliyesikia jibu hilo akaliona ovu? Mimi silioni ovu. Mama yule alikuwa mwaminifu. Alikuwa na neno moja mkononi, na alilishika kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mwaka wa saba alifunua turubai, akaona mwanga wa mchana ukipenya kutoka upande wa pili. Akaogopa. Akatuma watu wamwite fundi wa vyombo kutoka kijiji cha pili.

Fundi alipiga magoti, akagonga mbao kwa kidole, ubao mmoja baada ya mwingine. Kisha akauliza, "Kalafati hii, hii pamba ya kwenye maungio, nani kaipiga?"

"Mimi."

"Kwa bidii kweli, mama."

"Asante, fundi."

"Sijakusifu."

Akamweleza taratibu. Ubao ukikaa nchi kavu husinyaa, ndiyo sababu nyufa zilipanuka kila mwaka. Hazikupanuka kwa uzee, zilipanuka kwa kiu. Ubao ukirudi majini hunywa, hunenepa, na maungio hujifunga yenyewe. "Sasa nafasi yote ya kunenepa umeijaza pamba. Huu ubao unenepee wapi? Tukikishusha kama kilivyo, mbao zitasukumana mpaka zing'oe misumari na kuvunja mbavu."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekiua?"

Fundi alifuta mikono kwanza. "Mama, umekikinga na maji miaka saba. Tatizo ni hilo."

Wakaanza kuitoa ile pamba. Fundi alikuwa na kulabu yake, mama alikuwa na ya kwake, maana alikataa kukaa kando. Ilichukua siku nne. Pamba ya miaka saba ilijaa magunia matatu. Je, umewahi kufumua kwa mikono yako mwenyewe kazi uliyoifanya kwa mapenzi? Basi unajua siku hizo nne zilikuwaje.

Siku ya tano, kule nyuma, mahali ambapo turubai lilizuia upepo, fundi alikuta ubao mmoja umeoza. Alipotaka kuung'oa, mama aliushika.

"Huu aliuchonga mume wangu."

"Na huu wa jirani yake? Na ule mwekundu pale mbele? Tazama vizuri, mama. Hizi mbao si za umri mmoja. Mumeo alikuwa akitoa mbao za baba yake na kuweka zake. Unafikiri kingefikaje miaka arobaini?"

Mama alizitazama zile mbao kwa muda mrefu. Kisha akaachia.

Ubao mpya ulipokwisha kukaa, fundi alipitisha uzi mmoja mwembamba wa pamba katika kila ungio, kwa kidole, bila nyundo. Watu wakakivuta chombo hadi kwenye maji ya kina kifupi. Maji yakaingia kila upande. Fundi hakuwa na wasiwasi. Aliagiza mawe, akayapanga ndani, na chombo kikashuka mpaka ukabaki ukingo wake tu juu ya maji.

"Umekizamisha!" mama akapiga kelele. "Nimekuita ukitengeneze, umekizamisha!"

"Siku tisa, mama. Usikiguse."

Mwanamke mmoja pale ufukweni akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kusikika: "Si bora angetuazima, tukakizamisha wenyewe?"

Siku tisa mama alikwenda ufukweni kila asubuhi, akasimama, akarudi nyumbani. Siku ya kumi walitoa mawe, wakachota maji kwa ndoo. Maji yalipungua mpaka yakafika chini kabisa, yakabaki kama kikombe kimoja. Watu wote wakakitazama kile kikombe. Walingoja. Kilibaki kikombe.

Mama aliingia ndani ya chombo, akapitisha ukucha kwenye ungio moja. Haukupita. Akajaribu jingine. Haukupita. Akalia kidogo, akajifuta kwa kanga, akasema, "Asante, fundi. Mungu akubariki. Sasa waiteni wale wanaume wakirudishe bandani."

Fundi alikuwa anafunga vyombo vyake vya kazi. Hakuinua hata kichwa. "Waitwe tu. Ila mwakani usiniite mimi. Mwite mtu wa kuni."

Mama akashuka kutoka chomboni.

"Na kikivunjika huko majini?"

"Nitakitengeneza. Kinachovunjika majini nakiweza. Kinachofia bandani sina dawa yake."

Mama alisimama na maji yakimfika magotini. Kisha akamgeukia yule rafiki wa marehemu. "Shemeji, bado unakumbuka kufunga tanga?"

"Nakumbuka nusu."

"Na mimi nakumbuka nusu," akasema. "Kalilete. Liko juu ya kabati."

Wakavuka siku hiyohiyo, yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Walikwenda ovyo mwanzoni, wakachekwa na watoto wa ufukweni, kisha upepo ukakaa vizuri. Maji kidogo yaliingia, na mtu mmoja akakaa na kopo akiyatoa, kama inavyofanyika katika kila chombo kinachotembea.

Ndugu zangu, sisi tumeachiwa nini? Wengine tumeachiwa kwaya na mwalimu aliyekuwa akiipenda, na tangu tumzike hatujaimba wimbo wake hata mmoja. Tunasema ni heshima. Wengine tumeachiwa meza ambayo wageni hawakukosa kulishwa, na leo imefunikwa kitambaa, hakuna mgeni. Wapo walioachiwa kiti, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Tumeambiwa, "Usikiache kife," na kwa mapenzi yetu yote tumekiweka mahali pakavu.

Sisemi nyufa zetu ni za uongo. Ni za kweli, na kila mwaka tunaziona zimepanuka, na kila mwaka tunaongeza pamba: shughuli, ratiba, maneno magumu ya kujipa moyo. Tunapigilia kwa nyundo. Hatuachi nafasi ya kunenepa. Mtu akija na haja yake tunamwambia, subiri kwanza nipone, nikipona nitatoka. Lakini mfano huu unasema kinyume. Hakuna chombo kinachopona kikiwa bandani. Kinashushwa kikiwa bado kinavuja, na maji yaleyale tuliyoyaogopa, Mungu anayatumia kutufunga maungio.

Ninasema "sisi" kwa makusudi. Sijasimama nje ya neno hili.

Basi juma hili tufunue turubai. Kama kuna ubao uliooza, tukubali utoke. Waliotutangulia nao walitoa mbao za baba zao, na hawakuacha kuwapenda. Siku za kwanza tutajaa maji, na jirani atatucheka kwa sauti ya kusikika. Tusikimbilie kujivuta nje siku ya tatu. Tungoje siku zetu tisa. Halafu tukumbuke ile nusu tunayoikumbuka, tumtafute mwenye nusu ya pili, tutweke tanga. Watu wako ufukweni, na mizigo yao wamekwisha kuifunga.